Sikio la Twiga wa Baba

Jumapili, Machakos. Mawingu yamekalia vilima vya Iveti tangu asubuhi na hayana haraka ya kuondoka. Baridi ya Julai ni ile ile. Sikuenda kanisani. Nimejikunja kitandani na soksi mbili mbili, na chini ya kitanda hiki kuna boksi la twiga kumi na wawili ambao Baba anaamini wako Mombasa.

Wacha niseme tu. Nilimdanganya baba yangu.

Baba ni mchongaji wa vinyago huko Wamunyu, tangu kabla sijazaliwa. Kila twiga wake ako na mkato mdogo kwenye sikio la kushoto. Yule wa kwanza kumpeleka Mombasa, tezo yake ya kuchongea iliteleza ikamkata sikio, na Mzee Salim, mwenye duka la vinyago kule Mji wa Kale, akamwambia asirekebishe, hiyo ndiyo iwe sahihi yake. Tangu siku hiyo Baba hulikata makusudi.

Mzee Salim alikuwa anapiga simu kuagiza. Mwaka jana simu zikakoma. Mama alishatuacha, macho ya Baba yanafifia, na kitu kinachomtoa kitandani ni kazi hiyo tu. Basi wiki juzi akapanga twiga kwa boksi, akanituma nikamuulize Salim kama bado anaitaka kazi yake. Hakusema niuze. Niulize.

Nikashika treni. Miaka thelathini na nane na sijawahi kuona Mombasa, aibu yangu. Na niliupenda huo mji, hiyo ndiyo inaniudhi. Vibaraza vya mbao juu ya vichochoro, adhana msikitini, na ng'ambo ya barabara mashine ya kahawa inanguruma kushindana nayo. Kuna mlango umechongwa maua hadi ncha ya kidole changu ikaingia ndani ya ua. Watalii walikuwa wanapigana picha mbele yake, mgongo kwa mlango. Mimi nikajiambia, hapa watu wanaheshimu patasi. Nikaingia dukani nimejaa matumaini, mjinga mimi.

Mzee Salim alikufa mwaka jana. Duka ni la mwanawe Faiz sasa, na nusu yake ni mkahawa. Nilimwambia niko na mzigo kutoka Wamunyu, akatabasamu kwa ule upole wa watu wa pwani wanapokisikia Kiswahili chetu. Akaniletea kahawa na kaimati. Akafungua boksi mwenyewe, akamgeuza twiga mmoja, akasema marehemu mzee alimpenda sana Baba. Kisha akanipeleka kwenye rafu.

Twiga wamejipanga kama watoto wa shule. Nikashika mmoja. Mwepesi, plastiki, si mti. Sikio la kushoto limekatwa. Wa pili, limekatwa. Wote, mahali pale pale, bila tofauti ya unywele. Walikuwa wamemchukua twiga mmoja wa Baba wakamfanyia kalibu.

"Dada, mkono wa baba yako hautapotea tena," Faiz akaniambia. "Huyu hapasuki, haliwi na dumuzi, na wageni hawajui tofauti."

Alisema vizuri, hata kwa fahari kidogo. Angekuwa mwizi wa kawaida ningempigia kelele, kwa Kikamba hata. Nilimuomba achukue watatu tu. Akanijibu kwa heshima zote, na jibu lilikuwa hapana.

Niliporudi nilipitia kwangu hapa Machakos kwanza nikaliacha boksi. Kwa hivyo siwezi kudai kwamba uongo ulinitoka tu mdomoni. Niliupanga.

Kule Wamunyu nilimkuta Baba ameketi kwa lango. Hakuniuliza hata kama nimekula.

"Salim aliangalia sikio?"

"Aliangalia, Baba. Amesema ulete wengine. Na anakusalimia sana."

Nilimfufua maiti. Na Baba akacheka, akasema huyo mzee atatuzika sisi sote. Sijamsikia akicheka hivyo tangu tumzike Mama, na kwa siku chache nilijipa moyo kwamba nilifanya vyema.

Sikufanya vyema. Nilikuwa mwoga, basi. Sikutaka kuwa pale akiweka tezo chini.

Mnaosoma hapa mtaniambia niseme ukweli. Najua. Baba ako na simu ya mulika mwizi, isiyo na intaneti, hatawahi kuona ukurasa huu, ndiyo maana naweza kuandika. Lakini nimwambie nini? Kwamba hahitajiki, kwa sababu walishamnakili? Hata nikipata maneno, hayana dawa.

Leo mchana amepiga simu. Amemaliza wanane. Anaanza kazi saa kumi na mbili asubuhi, amemwita jirani amnolee tezo, sauti yake ni ya mtu mwenye miaka hamsini. Mimi nikawa nahesabu kichwani kama wanane hao watatoshea chini ya kitanda.

Kisha akasema hawa hatanituma. Atapeleka mwenyewe Alhamisi, amuone Salim kabla macho hayajaisha kabisa. Nimkatie tiketi.

Nikasema sawa, Baba.

Wale wa rafu hatawaona vizuri. Lakini atamshika mmoja, maana yeye hapiti kinyago bila kukishika, na kidole chake kitaenda moja kwa moja kwenye sikio.