Udongo ya Faustin

Bunia, siku ya samedi, mangaribi

Na baba mudogo bado ananiuliza kwa nini nilitupa udongo mara mbili.

Tulizika mama leo, hapa Bunia, kwa sababu barabara ya kwetu haiko salama. Wanasema vita iliisha. Lakini hata maiti hawezi kupita kule.

Faustin, mudogo wangu, iko Tchéquie, kule Ulaya. Hakupata namna ya kuja. Asubuhi alianza kupanda mulima moja ya mu parc national, pori ya kulindwa ya kule, mukali sana, inachongoka sawa kichuguu. Alisema inafanana na kilima ya kwetu. Alipofika juu akaniita ku telefone na video. Alikuwa anahema, nyuma yake mawingu tu.

"Yaya, mukubwa wangu, nionyeshe mama."

Nikageuzia telefone ku kaburi. Kwetu kila mutoto anatupa udongo na mukono yake mwenyewe, hakuna wa kumutupia. Faustin akachota udongo ya kule juu, akatupa. Nilisikia inaanguka ku mawe ya kule kwake. Mu kaburi hakukuingia kitu.

Ndiyo nikachota mara ya pili.

Baba mudogo akakasirika: "Weye uko na mikono ngapi?"

 Nikageuza telefone, nikaangalia tena Faustin.

Ile mwaka ya kukimbia vita, mama alipanda kilima ya kwetu na Faustin ku mugongo, akashuka naye ngambo ingine, hakumuweka chini hata kidogo. Leo Faustin alipanda peke yake. Wakati telefone ilikatika, alikuwa angali kule juu, amekaa ku jiwe, analia.

Sijui nani atamushusha.