Uso Uliowawekea Wateja

Mama, uliyeliliwa na wateja zaidi kuliko na mimi,

Matanga yako yalijaa. Sijui kama uliona huko uliko. Wanawake walitoka Songo, wakatoka Rugenge, wengine walishuka kutoka mashamba ya Ruzizi na mihogo kichwani, na kila mmoja alivaa kikwembe, kitenge ulichomuuzia. Wakakaa uani, wakaanza kusimulia mikono yako. Mikono, mama! Jinsi ulivyompokea mtu kwa mikono miwili. Jinsi ulivyomkabidhi kitambaa kwa mkono wa kuume huku wa kushoto umeshika kiwiko, kama unampa mkwe. Mama mmoja wa Songo alisema huku anajifuta machozi, "Mama Riziki alikuwa ananiangalia sawa vile niko peke yangu mu dunia."

Riziki ndiye mimi. Nilikuwa pembeni naosha sahani zao, na nilitamani kumrushia moja.

Nisikuonee, ulikuwa fundi. Mtaa mzima wa Kilibula hakuna muuza vikwembe aliyekufikia. Nilipofika umri wa kusaidia dukani ulinisimamisha nyuma ya meza ukanifundisha kwa ukali kuliko masista wa katekisimu. Nisikunje mikono, maana mwenye kukunja mikono ameshafunga duka. Nisitazame viatu vya mtu anapoingia, atajua nimempima. Mzee nisimkodolee macho; niinamishe kichwa kidogo, nipige goti nusu, nishushe sauti. Akija mtu ambaye uso wake una msiba, meno yangu yabaki ndani, nikae naye kimya kwanza.

Na lile somo lako kubwa, la miguu ya mteja. Ulilirudia kila wiki.

"Angalia miguu ya mukiliya," ulisema. "Mudomo itakuambia ngoja niangalie kwanza. Lakini bidole bikigeukia inje, huyo anaenda. Hapo usimubembeleze na maneno. Zunguka meza, simama upande yake, umutupie kikwembe kwa bega. Kisha rudi nyuma, weka mukono kwa shavu, nyamaza. Umuangalie tu."

Nikakuomba unionyeshe. Ukazunguka meza, ukakunjua kikwembe cha rangi ya machungwa, ukakitupia kwenye nguzo ya mlango. Ukarudi nyuma, ukaweka mkono shavuni, ukaitazama ile nguzo kwa macho ya kuyeyusha mtu. Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo, mama. Nilikuwa na mabega mawili mazima. Ukavisha nguzo!

Wateja walikuita kwa jina langu. "Mama Riziki!" na wewe unageuka mwili mzima, kichwa, mabega, hata kitumbo chako, uso umefunguka. Mimi nikiita "Mama," naongea na mgongo. Jioni ukifika nyumbani uliuvua uso pamoja na viatu, ukaviacha vyote mlangoni. Tuliobaki tulipata mabega yaliyoanguka na mdomo uliofungwa. Siku nilipopata diploma ya Serikali, ya kumaliza sekondari, nilikimbia kutoka shule mpaka nyumbani, nikakukuta unasonga bugali. "Ni muzuri," ulisema. Uliuambia mwiko.

Najua. Baba alikuwa ameenda zake, na uso ule ndio uliotulisha. Ndagala tulizokula, karo ya shule, mabati ya nyumba, yote yalitoka katika kicheko chako cha dukani. Usinikumbushe, shangazi wananikumbusha kila siku. Wanasema, "Mama yako alichoka." Sawa, alichoka. Lakini mbona hakuchoka hata mara moja mbele ya mama wa Songo?

Unaikumbuka siku niliyoondoka kwenda mji wa Baraka kufundisha? Nauliza tu, najua huikumbuki. Nilikuwa na begi mkononi, lori linaningoja barabarani. Nikasimama mlangoni pa duka. Mle ndani kulikuwa na mwanamke mmoja anasitasita.

"Mama, naenda."

"Weka ufunguo pale, chini ya mita."

Nikauweka chini ya ile mita yako ya mbao ya kupimia vitambaa. Hukugeuka. Nikasimama tena, makusudi, nikaitazama miguu yangu mwenyewe: visigino ndani, vidole barabarani. Nikasema moyoni, hili ni somo lake, hili hawezi kulikosa. Ataona. Atazunguka meza. Na kweli ulizunguka, mama. Ulizunguka ukamtupia yule mwanamke kikwembe begani, ukaweka mkono shavuni, ukanyamaza. Nikapanda lori.

Ungenigusa tu, nisingeenda. Nakuambia leo kwa kuwa huwezi tena kunijibu kwamba kuna mteja anakungoja.

Maana ndivyo ulivyonijibu miaka yote ile kwenye simu. "Bakiliya wako hapa, utapiga kesho." Nikapiga kesho, na wateja walikuwepo. Mwisho nikapunguza kupiga, na wewe hukuuliza.

Kisha jirani akanipigia kwamba uko hospitali. Nilifika na vumbi la njia nzima usoni. Muganga akanisimamisha mlangoni, akaniambia homa imepanda kichwani, nisishangae usiponitambua. Nikaingia. Ukanyanyua kichwa ukaniona, na uso wako ukafunguka.

"Karibu, mama! Karibu, ingia ndani, jua iko kali."

Ukaninyooshea mikono miwili. Nilipoishika ilikuwa inawaka kwa homa, na sikutaka kuiachia. Ukavuta kikwembe ulichojifunika, ukanitupia begani kwa shida, kikateleza, nikakishika. Ukaegemea mto, ukaweka mkono shavuni. Ukanyamaza. Ukaniangalia.

Yule mama wa Songo hakusema uongo. Ndivyo inavyokuwa kabisa. Nililia pale bila aibu, na muganga akatoka nje.

"Inakuendea, inakupendeza," ulisema. "Weye unatoka wapi?"

"Natoka Baraka."

"Eh, Baraka! Minye niko na mutoto wangu kule, mwalimu. Muko kimo moja. Hii rangi ingemupendeza sana, ule mutoto. Ni muzuri, ule."

Nikauliza polepole, "Ulishamuambia?"

"Nini?"

"Kama ni muzuri."

Ukacheka, mama. Kile kicheko cha dukani, na kichwa umekitupa nyuma.

"Weye nawe! Mutoto wa nyumbani unamuambia ya nini? Mukiliya ndiye anaendaka. Wa nyumbani ataenda wapi?"

Nilifungua mdomo niseme, mama, ni mimi. Nikaufunga. Niliogopa ukijua ni mimi uso ule utazimika. Basi nikabaki mteja. Nikasema kikwembe nimekipenda, nitakichukua. Ukafurahi, ukaushika mkono wangu mpaka usingizi ukakuchukua, na alfajiri ukaenda zako.

Watu wa kanisani wananiambia nikusamehe, roho yako ipumzike. Nawajibu ndiyo, maana ni watu wazima na wamekuja kwa miguu. Ukweli ni kwamba nina hasira nawe. Nina hasira kwa sababu ile nuru ya usoni ulikuwa nayo. Ungekuwa mtu mkavu kwa wote ningesema ndivyo alivyozaliwa, nikanyamaza. Lakini ulikuwa nayo tele, mama, kila mpita njia wa Kilibula aliipata, hata aliyeingia kujificha mvua. Mimi nimeipata siku moja, na haikuwa yangu.

Duka nimelifungua. Nilitaka kuliuza, shangazi wakapiga kelele. Wiki ya kwanza nilikaa nimekunja mikono, kwa kusudi, wateja wakachungulia na kupita. Halafu akaingia mzee mmoja kutafuta kikwembe cha kumzikia mkewe, na kabla sijajua nafanya nini, goti langu lilikuwa limeshapinda, sauti imeshuka, mkono wa kushoto umeshika kiwiko. Akaniambia, "Uko mama yako kabisa." Alidhani ananipa heshima. Nikamshukuru kwa mikono miwili.

Sasa wanarudi, mmoja mmoja. Nawavisha mabegani, naweka mkono shavuni, wananunua. Wakishaenda nakaa kwenye stuli yako. Miguu yangu imeelekea ndani, mama, visigino ndivyo vilivyo barabarani. Nimerudi, na hakuna wa kuitazama.

Lala sasa. Ufunguo nauweka pale pale, chini ya mita.

Mtoto wako wa nyumbani, yule aliyeenda