Kabla Lynda Hajajaza Fomu

Tlemcen, 17 Julai

Kwako Baba yangu mpendwa,

Assalamu alaikum. Salamu zenye heshima zikufikie wewe na Mama, na Bibi pia kama bado anasikia ukimpigia kelele sikioni. Natumai goti lako la kushoto limetulia, na kwamba huendi tena kupanda mlima kwa siri Mama akiwa sokoni. Mimi mwili hauna neno, namshukuru Mungu. Joto tu ndilo linatukaanga, na mkate wa kesra wa hapa, waupake mafuta ya zeituni wawezavyo, haufikii wa Mama.

Utashangaa kwa nini naandika ilhali simu ipo. Kwenye simu utanikatiza, Baba, utaniuliza naolewa lini, nami nitacheka na maneno yatarudi tumboni. Ndiyo maana nimempa barua hii Bwana Hocine, dereva wa basi la Jijel, nikamwapisha akupe mkononi, asimwachie yule muuza duka anayesoma barua za watu. Isome leo hii hii, kwa sababu Jumapili Lynda wa Ami Tayeb anajaza fomu ya kuchagua masomo ya chuo kikuu.

Kwanza nikupe habari za mtihani ulioniombea dua mwezi uliopita. Tulikuwa kumi na tisa tukigombea nafasi moja ya kufundisha misitu hapa chuoni. Maandishi yalikwenda vizuri, na kwenye maswali ya mdomo sikubabaika hata kidogo. Ikabaki siku ya vitendo. Walitupeleka kwenye msitu wa mialoni, ile ya gome la vizibo vya chupa, kila mtahiniwa apewe mti wake na wanafunzi ishirini, awafundishe kubambua gome mbele ya wasahihishaji watatu kutoka Algiers.

Shehili ilikuwa imevuma siku tatu, Baba. Unaujua upepo ule wa joto, unavyokausha utomvu gome likang'ang'ania mti. Asubuhi hiyo midomo ilitupasuka.

Aliyenitangulia alikuwa Daktari Chafik, kijana mpole mwenye maandishi mengi na viatu visivyowahi kuona matope. Alikata, gome likagoma. Akalilazimisha, na lilipotoka lilitoka na mama yake, lile ganda la ndani ulilonifundisha kwamba likijeruhiwa mti hautoi tena gome la maana mahali pale. Mbao nyeupe ikaonekana. Wanafunzi wangu wote wakanitazama mimi. Msahihishaji mmoja akampongeza kwa kumaliza ndani ya muda.

Zamu yangu ilipofika nilipiga shoka mara moja, taratibu, nikasikiliza kama unavyosikiliza wewe. Sauti ilikuwa kavu, kama mtu anayegonga meza. Nikazungusha ncha, gome halikuachia. Nikaliweka shoka chini. Mwenyekiti wao, Bi Ghania, akaniuliza kama nimechoka. Nikamjibu kwamba mimi sijachoka, mti ndio haujakubali, na kwamba baba yangu amebambua magome miaka thelathini na siku za shehili hunoa shoka akanywa kahawa. Wanafunzi wakacheka. Yule mpongezaji akasema, “Binti, tumesafiri usiku kucha tuje kuona gome, siyo kusikia habari za kahawa ya baba'ako.” Nikafundisha nusu saa nzima bila kukata. Kila mwanafunzi aligonga, akasikiliza, akaenda kupapasa kile kidonda kwenye mti wa jirani. Sijawahi kufundisha vizuri kama siku ile, na nasema hivyo bila haya.

Kwa vitendo walinipa sifuri. Nafasi amepata Chafik. Baadaye Bi Ghania alinivuta kando akakiri kwamba nilikuwa sahihi, ila karatasi yao ya alama haina mahali pa kuandika kwamba mtahiniwa alikataa kwa sababu njema. Nilimwambia basi wachapishe karatasi nyingine. Alicheka, lakini kicheko cha aibu.

Sasa kaa chini, Baba, kama umesimama. Nilikwambia ule ni mtihani wa kupandishwa cheo. Uongo. Ulikuwa mtihani wa kuajiriwa kwa mara ya kwanza. Miaka sita nimefundisha hapa kwa kibarua, nikilipwa kwa saa, na malipo yenyewe huja masomo yakishafungwa, yakipenda. Mpishi wa chuo hupata zaidi kwa miezi mitatu kuliko mimi kwa mwaka. Majira ya joto niliyokwambia nafanya utafiti, nilikuwa kwenye kitalu cha miche nikijaza udongo kwenye mifuko, na lile koti nililomtumia Mama lilitoka huko. Nilianza kudanganya wiki ile ulipowanunulia kahawa watu wote kijiweni kwa furaha kwamba naanza kufundisha chuoni, na baada ya hapo sikujua pa kushukia.

Ningeendelea kukaa kimya kama si Lynda. Alinipigia wakati wa majira ya kuchipua, akaniuliza, “Da Wassila, ukisoma misitu kazi ipo kweli?” Nikamjibu, “Ipo tele, mdogo wangu, utafundisha kama mimi.” Mtoto ana alama za kusomea famasia, na anataka kuziacha kwa ajili ya mshahara ambao mimi mwenyewe sijawahi kuuona. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi. Sifuri ya wale wazee haininyimi hata lepe.

Nenda kwa Ami Tayeb, Baba, umweleze yote mbele ya Lynda. Mwambie nafasi za kudumu huja moja moja na huchukua miaka. Mwambie pia kwamba kazi yenyewe naipenda, ili asidhani namfukuza. Akiisha kusikia na bado akaandika misitu, aje kwangu, chumba kipo. Mimi sitoki hapa. Wenzangu wanne wa kibarua nami tumewaandikia wakuu wa chuo kwamba Oktoba hatuingii darasani bila mkataba na malipo ya kila mwezi, na mtihani ukitangazwa tena nitakuwa wa kwanza kujiandikisha. Shehili ikivuma siku hiyo, shoka litalala chini vilevile.

Mpe Mama mkono, umbusu Bibi kichwani. Ukiisha kutoka kwa Ami Tayeb, ndipo unikasirikie kadiri utakavyo, nitapokea simu.

Wasalaam,
ni mimi binti yako,
Wassila, mwalimu kibarua