Mkono wa Agyeman

S.L.P. 47,
Mampong, Ashanti.
18 Januari 2019.

Mpendwa mdogo wangu Agyeman,

Salamu zikufikie huko Hamburg, zikipenya hayo makoti yenu mazito. Hujambo? Mkeo na watoto hawajambo? Mgongo umepona, au bado unatembea kama wewe ndiye uliyenitangulia kuzaliwa? Mimi mzima, ila kitambi hufika mahali kabla yangu. Upepo wa harmatani wa mwaka huu umekuja na vumbi la hasira. Midomo imetupasuka, hata kucheka tunacheka kwa tahadhari.

Nakuandikia kwa sababu ukipiga simu Mama huwa ubavuni mwangu, na lazima asikie kila neno. Mbele yake nasema tunaendelea vizuri. Hatuendelei vizuri.

Unakumbuka ule mkanda wa jeshi uliomtoka mwaka juzi. Vipele vilikauka, tukashangilia. Tangu hapo mafua ya kawaida humlaza wiki nzima. Kidonda kidogo cha mguuni kimekataa kufunga. Akiinuka kitini moyo unamwenda mbio, magoti yamevimba, nyama za mikono zimeyeyuka, na majina yanamponyoka. Mimi, msomi wenu, nikawa nafukuza kila kitu kivyake: goti nikalichua kwa dawa, moyo nikaupeleka Kumasi, usahaulifu nikamwachia mchungaji.

Daktari Frema, anayemtibu sasa, alinisikiliza mpaka mwisho, akacheka kidogo. "Bwana Dapaah, unakimbiza kuku mmoja mmoja, na mlango wa banda umeuacha wazi."

Akaniambia kinga ya mwili nayo huzeeka. Wale askari wa ndani, wengine wamelala fofofo. Wengine hawalali wala hawakubali kustaafu. Wanapiga kelele kutwa kucha na kurusha mawe pasipo na mwizi. Na mawe yao yanaangukia wapi? Kwenye mishipa ya moyo, kwenye magoti, kwenye figo, hata kwenye ubongo.

Nikamwuliza, "Na chanjo, Daktari?"

"Tumemchanja. Lakini chanjo ni amri, na askari mzee husikia nusu yake."

Kuwarudishia ujana, alisema, hawezi. Tuwapunguzie kazi tu. Mama asishikwe mikono na umati.

Hapo ndipo pagumu, kwa maana Mama ni mwanamke mkuu wa ukoo. Kila Jumamosi ya msiba kiti chake ni cha mbele, na waombolezaji wakianza kuzunguka kutoka kulia, mkono wa kwanza wanaoushika ni wake. Kwenye msiba wa mzee Sarpong, Novemba, aliishika Mampong nzima. Kabla ya wiki kwisha mapafu yakashikwa. Alipotoka hospitali alimtazama dada yetu Dufie, aliyemuuguza muda wote, akaniuliza, "Huyu mama mwema ni wa kwa nani?" Dufie alikwenda kulia jikoni, akasingizia vitunguu. Hata havikuwepo.

Sasa nimeweka beseni na sabuni mlangoni, wageni wanasalimu kwa mbali. Jirani yetu Konadu hakuniacha. "Ee Dapaah, kwenu siku hizi ni benki? Tunakaguliwa mlangoni?" Mama akasikia, akafoka kutoka barazani: "Mwache aingie! Mtu asiyeshikwa mkono ameshakufa, amebakiza udongo tu!"

Tulibishana naye siku nyingi. Mwisho alichoka, akasema, "Haya, ninyimeni mikono ya watu wote. Wa Agyeman siwaachii." Jina lako halijamponyoka bado.

Mdogo wangu, uliniambia likizo yako unaiweka kwa ajili ya ile siku kubwa. Sikukulaumu, ndivyo wafanyavyo wetu wote walio mbali. Turubai litafungwa, utavaa nyeusi na nyekundu za msiba, utazunguka kutoka kulia ukishikwa mkono mpaka bega likuume. Mikono yote ya mji itakuwepo. Wake tu hautakuwepo. Njoo sasa. Siku hiyo ikifika na wewe huna likizo, nitakuzikia mimi, na atakayekusema akutane na kitambi changu.

Nilitaka kumalizia hapo, lakini sharti nikwambie la Jumapili. Jioni nilinawa vizuri, nikakaa karibu naye, nikampa mkono. Akaupokea kwa mikono yake yote miwili. Akapapasa kidole gumba, pale ambapo wewe una kovu la panga la kupasulia kakao. Akapapasa tena, polepole. Kisha akaurudisha mkono wangu pajani mwangu, kama mtu anayerudisha kitu cha watu.

"Si yeye," alimwambia Dufie. "Lakini mpe chakula, masikini. Naona ametoka mbali."

Nilikula, Agyeman. Ningefanya nini?

Mke wangu Afriyie anakusalimu, Dufie pia, na mjomba Nsiah anasema bado anazingoja zile soksi. Mungu akufungulie njia, na akutangulize mlangoni petu kabla ya yule mgeni mwingine.

Nduguyo akupendaye, mwenye kidole kisicho na kovu,
Dapaah