Bakuli la Bibi Yako Haliendi Kutazamwa

Mwanangu Athumani,

Kabla ya salamu nijibu kwanza, umevaa sweta? Rajabu, yule baharia aliyeniletea barua yako, anasema huko Uingereza baridi inapita hata chini ya mlango, na wewe tangu utoto ni mtu wa kifua. Mimi mzima. Shangazi yako Mwajuma naye mzima, ila amenuna, na aliyemnunisha ni wewe.

Barua yako niliisoma barazani, polepole kama unavyonijua, kidole juu ya kila neno, shangazi yako akisikiliza. Umetueleza habari za hiyo televisheni ya mama mwenye nyumba wako. Kwamba watu wanakuja na sahani za mabibi zao, na saa, na vijiko, na mzee mmoja mwenye miwani anakipokea kitu, anakigeuza juu chini, anakitazama kitako kutafuta alama, halafu anataja bei nchi nzima ikisikia. Na mwenye sahani analia, anaapa hataiuza maishani mwake.

Sasa kama huuzi, bei umeulizia nini?

Unakumbuka siku ile tulipokwenda sokoni Kariakoo kununua nazi? Bwana mmoja mwenye suti akawa anainua nazi, anaitikisa, anauliza bei, anaiweka, anainua nyingine. Yule mama muuzaji akamwambia, "Baba, umekuja kununua au umekuja kuzisalimia?" Ulicheka mpaka ukaangusha kapu. Basi huko uliko, mtu wa namna ile anapewa kiti na kuwashiwa taa.

Na hao wanaolia ndio wanaonichosha kabisa. Mtu amekula kwenye sahani hiyo tangu hajaota meno, ameigongagonga na kijiko, ameiacha juani. Mgeni akishamwambia ni kitu cha thamani, ndipo anaishika kwa mikono miwili kama yai. Bibi yake mwenyewe alipomwambia, alikuwa anatazama wapi?

Ukaandika nimpe Rajabu lile bakuli la shaba la bibi yako arudi nalo melini, wewe ulipeleke kwa huyo mzee. "Na sisi tuonekane, mama." Hayo maneno yalinikaa hapa kifuani. Tuonekane na nani?

Lakini nilikubali. Wewe ukiniomba jicho nitauliza unataka la kushoto au la kulia. Shangazi yako ndiye aliyefurahi zaidi. Akasema haiwezekani Wazungu waone shaba ya kwetu imefubaa vile, watasema tunaishi jikoni. Akachukua majivu na ndimu, akakaa uani mchana kutwa anasugua. Ule weusi wa pembeni ulioachwa na vidole vya bibi yako ukatoka wote. Likang'aa kama jipya la dukani. Ndipo nikakumbuka barua ina ukurasa wa pili, nikausoma. "Mama, tafadhali msilisugue, kitu cha kale kikisuguliwa hakina thamani."

Shangazi yako akanawa mikono, akasema, "Kwa hiyo wanapenda uchafu." Mpaka leo hataki kutajiwa Uingereza.

Mimi nililifunga vilevile kwenye khanga, nikasema ukilipokea utajua mwenyewe. Lilikuwa juu ya kabati, tayari kwa safari, Bi Tatu alipopiga hodi. Huyu jirani yetu huna haja ya kukumbushwa. Ndiye aliyekushika kichwa siku yako ya arobaini, bibi yako alipokunyoa nywele za tumboni zikaanguka ndani ya bakuli hilo, na wewe unalia kama unachinjwa. Mtaa mzima watoto wamenyolewa juu ya hilo bakuli, wetu na wa wapangaji, hata wale wa kutoka kusini ambao mama zao hawakuwa na mtu hapa mjini. Safari hii alikuwa amelifuata kwa ajili ya mjukuu wake.

"Bakuli linasafiri," shangazi yako akamwambia. "Linakwenda Uingereza."

"Kufanya nini?"

"Kutazamwa."

Bi Tatu akatuangalia mmoja mmoja. "Kwani sisi hapa vipofu?" Kisha akasema taratibu, "Haya. Nitatumia karai la kufulia." Akajitupia khanga begani akaondoka. Hata kahawa hakuinywa, Bi Tatu huyo huyo ambaye kwetu hunywa mpaka mashapo.

Nilibaki nimesimama pale na aibu yangu. Fundo la khanga lilikataa kufunguka, nikalifungua kwa meno. Nikampelekea mwenyewe, kichwa wazi, nimesahau hata kujitanda.

Alilipokea akaligeuzageuza mkononi. "Mmelipamba kama bibi harusi," akasema, na hapo nikajua amenisamehe. Ijumaa mtoto akanyolewa. Kesho yake bakuli likarudi na mchele na kipande cha sukari guru, maana halirudishwi tupu, bibi yako hakukubali hilo hata mwaka wa njaa. Huyo mzee wako angelirudisha na nini? Na bei. Tungeipika?

Kwa hiyo haliji. Rajabu ameondoka bila hilo. Nimempa bizari na ubani tu, na usivipeleke kwa mtu kukadiriwa.

Nikuambie kinachonitisha, Athumani. Huyo mzee wa miwani simwogopi, ni mtu wa sokoni aliyevaa vizuri. Nakuogopa wewe. Naogopa siku utakaporudi, uingie uani, uinue kinu ukitazame kitako, uinue mbuzi ya nazi, uinue mkeka. Mwisho utafika kwangu. Mimi ukinigeuza utakuta nyufa za visigino, basi, hakuna alama nyingine.

Rudi hivyo hivyo ulivyoondoka, hata kama umekonda. Ukipata mtoto, mlete anyolewe hapa.

Bakuli sasa linang'aa mno, lawama kwa shangazi yako. Jioni nililiinua kulifuta, nikamwona mwanamke humo ndani ananitazama, kama hao watu wa televisheni yako. Sikumwuliza bei. Nilimwuliza kama mwanawe amevaa sweta.

Nijibu upesi,

Mama yako, aliyekuwepo siku ulipolia juu ya bakuli