Walimuuza Maman Nsimire kwa uso wake

Jumamosi, Bukavu. Mvua imekatika sasa hivi, matope yamejaa mtaa wote wa Ibanda, na mimi nina kichefuchefu tangu jana. Si malaria. Ni watu.

Nilitaka kuandika haya kwa utulivu. Nimeshindwa, basi nitaandika hivyo hivyo.

Studio yetu ni vyumba viwili tu juu ya duka la dawa. Tunatengeneza filamu kuhusu akina mama wa kijiji cha Mumosho waliopokonywa mashamba na mkubwa mmoja wa huko, mtu anayeogopwa hata na wale wanaokula kwake. Maman Nsimire ndiye peke yake aliyekubali kumtaja kwa jina mbele ya kamera. Sharti lake lilikuwa moja: uso wake usionekane. Nilimwahidi mimi mwenyewe, jikoni kwake, huku Patrice wetu wa kamera akimaliza bugali na samaki wadogo, sambaza, tulizopikiwa.

Kuficha sura tunafanya mwishoni, montage, kuunganisha picha, ikishakwisha, maana umeme wetu ni wa kubahatisha na mashine inachoka upesi. Kwa hiyo kwenye disque, kifaa tunachohifadhia picha, nyuso zote zilikuwa wazi. Disque hiyo tunaifungia kabatini, na mtu wa nje haruhusiwi hata kuigusa.

Wiki hii Espérance, mwenzetu wa sauti, alifiwa na mama yake. Kwetu mwenzenu akifiwa, biro, yaani ofisi, inafungwa, wote mnaenda kwenye kilio, na mmoja anabaki kulinda. Patrice akajitolea. "Muende, miye nitabakia. Mumulilie na kwa niaba yangu." Tukamwona mtu wa huruma. Tukamwachia funguo zote, hata ya kabati, kwa sababu kumnyima mtu funguo ni kumwita mwizi mbele ya wenzake.

Ona sasa.

Tuliporudi kutoka makaburini, disque haikuwepo. Patrice alikuwa amekaa mlangoni, kashika kichwa, eti alitoka kidogo kununua unité za simu, wezi wakaingia. Jioni akaja kwenye kilio analia. Espérance, macho yamevimba, mama yake yuko udongoni, ndiye aliyembembeleza.

Jana video ikaanza kuzunguka kwenye simu za watu. Ni vipande vya filamu yetu, vimewekewa muziki, na chini yake imeandikwa: filamu ya Patrice, anatafuta wafadhili. Na katikati yupo Maman Nsimire, uso wazi kabisa, anamtaja yule mkubwa kwa jina. Shenzi huyu hata kumfunika hakujisumbua!

Nilikimbilia kwa papa directeur, mkuu wa studio yetu, nikidhani atawaka moto. Alifunga mlango kwanza, kisha akashusha sauti. "Patrice iko mutoto wa nyumba. Tukienda parquet kushitaki, wafadhili watasikia, watatuacha. Lundi tutakaa wote, atatuomba pardon, tutasali, itaisha." Halafu akaniomba nisiwaambie akina mama. Wasisumbuliwe, anasema.

Wasisumbuliwe!

Patrice ni mwizi, sawa, wezi tunawajua. Lakini mtu anayetaka kumfunika mwizi kwa sala ananitia kinyaa zaidi. Na mimi je? Nilisema "ndiyo papa", kwa mazoea tu, nikashuka ngazi nikijichukia.

Leo asubuhi nikapanda pikipiki hadi Mumosho. Njia nzima nilikuwa napanga maneno, na hayakuhitajika. Maman Nsimire alikuwa ameshafunga kifurushi. Jirani alimwonyesha video jana, na alfajiri wanaume asiowajua wakapita kijijini wakiuliza nyumba yake ni ipi.

"Ndiyo ile sura yenye ulisema haitaonekana?"

Hakupaza sauti. Heri angenipiga. Nilimweleza yote, kilio, funguo, Patrice. Alipolisikia jina hilo akasimamisha mikono. "Ule mwenye nilimuongezea sambaza?" Nikaitika. Akatema mate pembeni, akaendelea kukaza kamba ya kifurushi chake.

Nilimuuliza kama naweza kushitaki kwa ajili yake. "Shitaki. Sasa bado nafichwa nini?"

Tukashuka pamoja hadi bandarini Bukavu, anaenda kwa dada yake kisiwani Idjwi. Kabla hajapanda mtumbwi wa moteur akanishika mkono. Nikadhani atanisamehe, au atanilaani, nilikuwa tayari kwa yote mawili. Hakufanya hata moja. Alisema tu: "Maharagi yangu iko karibu kukauka. Ni nani atayivuna?"

Mtumbwi ukang'oka, naye akakaa katikati ya magunia, mgongo kwangu, mwanamke asiyeiba kitu cha mtu, anakimbia kama mwizi. Na Patrice, nimeambiwa, mchana huu alikuwa akinywa bia na rafiki zake, akipongezwa kwa video nzuri.

Basi, Jumatatu wenzangu watakaa kwenye duara na kushikana mikono. Mimi nitakuwa kwenye benchi la parquet, nikitaja jina la Patrice, na la papa directeur baada yake. Najua nitafukuzwa kazi.

Sawa. Nitapata muda wa kwenda Mumosho kuvuna maharagi.