Kwa Efraimu, Kuhusu Filimbi ya Njombe

Makambako,
kwa posta ya Njombe,
14 Juni 1959.

Mpendwa mdogo wangu Efraimu,

Kamwene! Natumaini salamu ya nyumbani bado unajua kuiitikia, maana nasikia huko Korogwe kwenye mkonge mnasalimiana kwa lugha kumi kabla ya chai. U mzima? Kile kifua ulichosema kinabana, kimekuachia? Kunywa maji ya moto, na usilale na shati lililoloa jasho. Mimi si daktari, lakini niliwahi kupanda lori moja na madaktari wawili, na wote walisema hivyohivyo.

Sisi huku ni wazima. Baridi ya mwaka huu haina adabu. Asubuhi nyasi ni nyeupe kama zimemwagiwa chumvi, na shemeji yako Dorika ananitoa kitandani kwa kunivua blanketi, tena bila kunionya.

Mama anakula vizuri. Macho yamepungua nguvu ila masikio ni makali kuliko yangu. Mtu akilitaja jina lako uani, yeye anauliza kutoka jikoni kama umeshafika.

Kazi yangu inakwenda. Lori nimeliacha, magoti yamechoka kurukia bodi. Sasa natengeneza magari hapa njia panda, na hakuna gari linalopita kati ya Iringa na Mbeya ambalo sikijui kikohozi chake. Mzungu mmoja wa barabara aliniuliza ufundi huu nimeusomea wapi. Nikamwambia, "Darasa la tatu, bwana. La nne niliwaachia wenye shida." Alicheka mpaka akanipa sigara. Ndiyo, kaka yako anachekesha hadi Wazungu.

Jumapili iliyopita vijana wetu walicheza hapa na vijana wa Njombe. Nilikwenda kuwatazama na nikarudi na huzuni, ingawa tulishinda. Efraimu, siku hizi washabiki wanakuja kwa lori! Wanashuka, wanapiga kelele, wanapanda, wanaondoka na vumbi lao. Nilimuuliza kijana mmoja wa Njombe atakula kwa nani. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa na kichaa. "Kwani mzee, hapa kuna hoteli?" Mzee! Mimi!

Nikakumbuka sisi. Siku mbili kwa miguu kwenda Njombe, tunalala Kichiwa, wanawake mbele na vikapu vya viazi vilivyochemshwa, wanaume na blanketi mabegani na kibuyu cha pombe ya ulanzi kilichofichwa chini ya blanketi wazee wa kanisa wasikione. Mimi katikati nikianzisha nyimbo, maana sauti kama yangu haikuwapo, na hata leo bado haijazaliwa. Nyimbo tulizikopa kanisani tukazitia maneno ya mpira. Mwinjilisti wa Kichiwa alitoka nje na Biblia mkononi.

"Methusela! Wimbo huo ni wa Pasaka!"

"Ndiyo, mwinjilisti. Tunakwenda kumfufua Efraimu. Mara ya mwisho alicheza kama maiti."

Alijitahidi kununa, ikamshinda. Akatuombea safari njema, ila alikataa katakata kuombea mabao.

Tukifika Njombe hakuna aliyelala nje. Kila mshabiki wa kule alikuwa na mgeni wake wa mpira kutoka kwetu, yuleyule mwaka hadi mwaka, na wao wakija huku ni hivyohivyo. Uwanjani mnatukanana mpaka koo linakauka, jioni mnachovya tonge kwenye bakuli moja. Asubuhi wenyeji wanawabebea wageni mizigo mpaka nje ya mji. Na kulikuwa na sheria moja hakuna aliyethubutu kuivunja: mwenyeji hamsemi vibaya mgeni wake wa mpira, hata kwa mkewe.

Wewe ulikuwa mchezaji na mimi mshabiki, lakini tulilala nyumba moja, kwa Sila. Yule mrefu, nyapara wa barabara, aliyevaa filimbi shingoni ya kuitia vibarua. Hujamsahau. Barua yako ya mwezi wa tano imenionyesha kwamba hujamsahau hata kidogo.

Barua hiyo niliipata. Umeandika kwamba Elieza mwana wa Sila asipewe Ema, kwa kuwa binti yako hataingia nyumba ya mtu aliyekupulizia filimbi ya uongo mbele za watu. Neno lako ni neno. Ema uliniachia akiwa na miaka saba, marehemu mama yake hajamaliza mwaka kaburini, na nimemlea kama wangu. Lakini baba ni wewe. Bila ndiyo yako hakuna harusi, na mshenga wa Sila anajua hivyo.

Nilimsomea Ema barua yako. Hakulia. Alichukua ndoo akaenda kuchota maji, akarudi na ndoo nusu. Tangu siku ile anapika vizuri, anafua, anakwenda kwaya, anamwitikia kila mtu, lakini ukimtazama unaona nusu ya ndoo ileile. Wanapendana, Efraimu. Elieza ni kijana mpole wa kiwanda cha miwati, ile miti ya kutengenezea dawa ya ngozi, mikono yake imekuwa myekundu kwa magome, na akija hapa anakaa mwisho wa benchi kama mtu aliyekuja kuomba radhi kwa kosa asilolijua. Naye kweli halijui.

Sasa kaa chini kama umesimama. Kama umekaa, usisimame.

Filimbi ile haikuwa ya Sila. Ilikuwa vidole vyangu viwili.

Unajua nilivyokuwa utingo. Dereva anarudisha lori nyuma, mimi napiga mluzi, anasimama. Nilikuwa na mluzi wa kusimamisha, wa kuondoa, na wa kuwatazamisha wasichana. Kisha nikafika Iringa nikaangalia askari wakicheza mpira, nikasikia filimbi ya refa, nikasema moyoni, hii nayo naiweza. Nilijifunza njia nzima ya kurudi. Dereva alinitishia kunishusha porini.

Mwaka ule wa 1948 tulikuwa bao moja kwa moja, jua linashuka. Nilisimama karibu na goli letu, bega kwa bega na Sila, maana mgeni na mwenyeji wake tulizoea kutaniana hapohapo mpaka mwisho. Mshambuliaji wao akawapita mabeki wawili, akaingia kwenye boksi letu peke yake. Nikaona tumekwisha. Nikavitia vidole mdomoni nimsimamishe. Efraimu, nilipovuta pumzi mpira ulikuwa kwake. Nilipoitoa, ulikuwa miguuni mwako.

Ulikuwa umemnyang'anya vizuri kuliko beki yeyote niliyewahi kumwona, na nimeona wengi. Kisha ukasikia filimbi, ukasimama kama mtu mwenye adabu, ukainama ukauokota mpira kwa mikono ili uuweke chini upigwe faulo. Refa akatoa macho. Ndipo filimbi yake ikalia, ya kweli. Penalti. Bao. Tukafungwa mawili kwa moja.

Uliwaambia watu umesikia filimbi. Wote wakageuka kumtazama mtu mmoja mwenye filimbi shingoni. Watu wetu wakaanza: "Nyapara, hapa si barabarani! Uliita vibarua?" Watu wake wenyewe wakacheka wakampigapiga mgongoni, wakidhani kawasaidia. Sila akanitazama mimi. Alikuwa ameona vidole vikitoka mdomoni, tena vimeloa mate. Nikangoja aseme. Hakusema. Nikangoja niseme mimi. Unaona jinsi ninavyosema sana maisha yangu yote. Siku ile ulimi ulikwenda wapi sijui.

Jioni mama Elieza alitutengea chakula. Ukasukuma bakuli, ukasema huli kwa mwizi, ukatoka ukalala kwenye banda la shule kwa baridi ile. Mimi nilikula. Hili nalo liandikwe: nilikula, na nilishiba.

Njia ya kurudi unaikumbuka kuliko mimi. Wanawake wetu wenyewe walikutungia: "Mpira si hindi, Efraimu, hauvunwi kwa mikono!" Kutoka Njombe mpaka Kichiwa, kutoka Kichiwa mpaka Makambako. Hawakuwa wabaya, walifungwa na roho iliwauma, na mshabiki akiumia lazima apate wa kumwimba. Lakini wimbo ule ulikuwa na mwanzishaji, na mwanzishaji wa nyimbo zote nilikuwa mimi. Niliogopa kwamba nikinyamaza watauliza kulikoni. Nikaimba. Wewe ulikuwa mbele yetu, blanketi kichwani, hukugeuka hata mara moja.

Wiki ile ile ukapanda lori la watu wa mkonge. Ulisema unafuata kazi. Watu wakaamini. Mimi sikuamini hata ulipokuwa unapanda.

Wiki iliyopita nilikwenda kwa Sila. Amezeeka, mgongo umepinda, ila bado anapanga mawe uani kwake kana kwamba barabara itapita hapo. Nilimkuta ameshapata habari ya jibu lako, na wala hajamweleza mwanawe kitu.

"Bwana Sila," nikamwambia, "kwa nini usimwambie kijana kwamba ni mimi?"

"Ulikuwa mgeni wangu."

"Miaka kumi na moja, bwana!"

"Haya, nikuseme leo. Mwanangu apate mke, wewe upoteze ndugu. Hiyo ndiyo harusi?" Akainua jiwe lingine, akaligeuzageuza kutafuta upande wake. "Asubuhi ile nilipokubebea mzigo uliniambia utamweleza mwenyewe. Mimi nimekaa nangoja."

Efraimu, nimetukanwa na madereva wa nchi tatu, na hakuna tusi lililonikaa kama maneno hayo ya mtu mpole. Mtu huyo alibeba aibu yangu na mzigo wangu asubuhi moja, na mzigo tu ndio alioutua.

Basi nimekueleza. Sikuombi usahau, maana mimi mwenyewe sikuweza, na nilikuwa na mengi ya kusahaulisha. Miaka hii yote ningeweza kukuandikia. Karatasi ilikuwapo, na wino. Nilikuandikia habari za mvua, ng'ombe na ubatizo, nikizunguka jambo hili kama gari linalozunguka shimo. Nikijisemea mwaka ujao. Ukweli ni kwamba niliogopa utaacha kuniita kaka.

Ninachokuomba ni kimoja. Hasira yako ichukue yote, uihamishe kutoka kwa Sila uilete kwangu, hapa ndipo ilipotakiwa kukaa tangu mwanzo. Nina mgongo mpana, itaenea. Ila usiikate hata kipande ukampa Ema. Niandikie neno moja, ndiyo au hapana, juu ya Elieza. Ukiandika ndiyo, nitalipeleka Njombe kwa miguu yangu mwenyewe, sitapanda lori. Ukiandika hapana ukiwa umeshajua ukweli, hilo ni neno la baba na nitaliheshimu, nitamwambia Ema na nitamwambia na sababu yake.

Jumapili ijayo, lije jibu lako au lisije, nitasimama nje ya kanisa watu wakitoka, niseme mbele ya wale walioimba. Wengine ni wazee sasa, wengine wamefariki, lakini waliobaki watasikia kwamba Efraimu hakukosea. Alisikia filimbi, akatii. Sauti ninayo bado.

Ema sijamwambia. Nilitaka wewe uwe wa kwanza, kwa sababu aliyeumizwa ni wewe. Nimemwachia nafasi chini hapa akusalimie.

Mama anakusalimu na anauliza kama mkonge una mwisho. Shangazi Emilia anakusalimu, na Dorika, na watoto wote, hata huyu mdogo ambaye anakujua kwa jina tu na anadhani Korogwe ni jina lako la pili. Nisalimie Lameki wa Kichiwa mnayefanya naye kazi; mwambie mkewe amejifungua salama, ni msichana, na sura amefuata upande wa mama, tumshukuru Mungu.

Bwana akulinde katika shamba hilo la miiba, akulainishie kifua, na akikurudisha, akurudishe kwa njia hii hii ya Makambako.

Mimi niliyechelewa lakini nakupenda,
Kaka yako, Methusela.

Shikamoo Baba. Ni mimi Ema. Baba Mkubwa amefunika karatasi kwa mkono nisisome. Ameandika tangu mchana, ameacha hata kula, na hajafanya mzaha hata mmoja. Anasema ukimaliza kusoma huenda usimwandikie tena. Baba, sijui amefanya nini, na la kwangu silisemi hapa, liko mikononi mwako. Ila yeye mwandikie.